Luka: Mwandishi Anayejulikana kwa Kalamu Yake

Chukua Agano Jipya, ondoa Injili ya Luka, kisha uhesabu hasara. Msamaria mwema anatoweka. Mwana mpotevu harudi kwa baba yake. Zakayo hapandi mti, Lazaro halali mlangoni pa tajiri, na wanafunzi wawili hawaifuati njia ya Emau jioni ya Pasaka. Wakatoliki wanaosali Rozari wanapoteza karibu Matendo ya Furaha yote, kwa kuwa manne kati ya matano hayasimuliwi na mwandishi mwingine yeyote wa Agano Jipya: Maria kupashwa habari na malaika, Maria kumtembelea Elisabeti, Yesu kutolewa Hekaluni, na Yesu kupatikana Hekaluni. Nusu ya kwanza ya sala ya Salamu Maria nayo imetoka katika sura ya kwanza ya Luka. Ukiondoa na kitabu chake cha pili, Matendo ya Mitume, hatuna tena simulizi ya Pentekoste, ya Stefano kupigwa mawe, wala ya safari za Paulo.

Vitabu hivyo viwili kwa pamoja vina zaidi ya robo ya maneno yote ya Agano Jipya katika Kigiriki. Hata Paulo, mwenye nyaraka 13 zinazobeba jina lake, hafikii wingi huo. Lakini aliyeandika mengi kuliko wote amejisema kidogo kuliko karibu wote. Hakuweka jina lake katika kitabu chochote kati ya hivyo viwili, hakusema amezaliwa wapi, amesomea wapi, wala ameandika akiwa mji gani.

Hoja ya makala haya ni kwamba ukimya huo haututupi gizani. Luka ametuachia ushahidi mwingi juu yake, nao umo katika namna anavyoandika: jinsi anavyofungua kitabu, jinsi anavyomhariri aliyemtangulia, maneno anayoyaweka katika vinywa vya watu wake, na jinsi lugha yake inavyobadilika kadiri simulizi inavyohama kutoka Yerusalemu kwenda Rumi. Mapokeo kumhusu ni machache na mengine yalikuja kwa kuchelewa. Kalamu yake tunayo mkononi, kurasa kwa kurasa.

Mapokeo yanasema nini

Ndani ya Agano Jipya jina la Luka linatajwa mara 3 tu, na zote ni katika salamu za mwisho wa nyaraka: Wakolosai sura ya 4, Filemoni, na Timotheo wa Pili sura ya 4. Katika Wakolosai anatajwa kwa upendo kuwa tabibu. Katika Filemoni yumo miongoni mwa watenda kazi pamoja na Paulo. Katika Timotheo wa Pili yeye peke yake ndiye aliyebaki na Paulo wakati wenzake wameshaondoka.

Salamu za Wakolosai zina jambo jingine la kuzingatia. Zinawataja kwanza Aristarko, Marko na Yesu aitwaye Yusto, na kueleza kwamba hao ndio watenda kazi waliotahiriwa. Baada ya hapo ndipo wanapotajwa Epafra, Luka na Dema. Kutokana na mpangilio huo wasomaji wengi wamehitimisha kwamba Luka hakuwa Myahudi wa kuzaliwa. Wengine wanapinga, wakionyesha jinsi anavyoyajua Maandiko ya Kiyahudi kwa undani usio wa mgeni. Baina ya pande hizo mbili kuna kundi ambalo kitabu cha Matendo chenyewe kinalitaja mara kwa mara: watu wa mataifa waliomcha Mungu wa Israeli na kuhudhuria masinagogi, kama Kornelio akida wa Kaisaria. Mtu wa kundi hilo angeweza kuwa na elimu ya Kigiriki na Maandiko kwa pamoja, na hivyo ndivyo vitabu hivi vinavyosomeka.

Nje ya Agano Jipya, ushahidi ulio wazi unaanza mwishoni mwa karne ya 2. Ireneo, askofu wa Lyon, aliandika karibu na mwaka 180 kwamba Injili hii ni ya Luka, mwenzake Paulo. Hati ya mafunjo ijulikanayo kama P75, ambayo kwa kawaida imewekwa kati ya mwisho wa karne ya 2 na mwanzo wa karne ya 3, ina jina la Luka mwishoni mwa Injili yake, kabla Injili ya Yohane haijaanza. Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya 4, anaongeza kwamba asili yake ni Antiokia ya Shamu, mji ambao leo ni Antakya nchini Uturuki. Habari kwamba alikuwa mchoraji na kwamba alimchora Mama Maria ni ya zama za baadaye sana. Iliwapa wachoraji wa Ulaya msimamizi wao mtakatifu, lakini haitusaidii kumjua mwandishi.

Wanaoyakubali mapokeo wana hoja nzuri: Kanisa lingekuwa linatafuta jina la kukipa kitabu heshima, lingemchagua mtume, si msaidizi anayetajwa mara tatu tu katika salamu. Wanaoyatilia shaka wanajibu kwamba jina hilo lingeweza kupatikana kwa kukisia: msomaji wa karne ya 2 aone kwamba msimulizi wa Matendo anasema "sisi" katika safari za Paulo, apitie orodha za wenzake Paulo, awaondoe wasiofaa, abaki na Luka. Kuhusu wakati, wataalamu wengi wanaviweka vitabu hivi kati ya miaka ya 80 na 90. Wachache wanarudi hadi mwanzoni mwa miaka ya 60, kwa sababu Matendo inaisha Paulo angali hai, na wengine wanasogea hadi mwanzoni mwa karne ya 2.

Je, anaandika kama tabibu?

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mtindo wenyewe unathibitisha kazi yake. Mwaka 1882 William Kirk Hobart alichapisha kitabu kizima kuhusu lugha ya kitabibu ya Luka. Alikusanya mamia ya maneno ya Luka na kuonyesha kwamba yamo pia katika maandishi ya matabibu wa Kigiriki kama Hippocrates na Galen. Adolf von Harnack, msomi mashuhuri wa Ujerumani, aliipokea hoja hiyo na kuipa nguvu mwanzoni mwa karne ya 20.

Kisha akaja Henry Cadbury, Mmarekani, na utafiti wake wa mwaka 1919 na 1920 kuhusu mtindo wa Luka. Aliuliza swali ambalo Hobart hakuliuliza: maneno haya wanayatumia nani wengine? Akayatafuta kwa waandishi ambao hawakuwa matabibu, wakiwemo Josephus, Plutarch na Lucian, na katika tafsiri ya Kigiriki ya Maandiko ya Kiyahudi. Aliyakuta huko kwa wingi. Yalikuwa maneno ya mtu aliyesoma, si ya fani moja. Tangu hapo hakuna anayeweza kuuthibitisha utabibu wa Luka kwa kuhesabu msamiati. Cadbury hakusema kwamba Luka hakuwa tabibu. Alichosema ni kwamba maneno hayo hayatoshi kuwa ushahidi.

Hata hivyo pana mahali pamoja panapofaa kutazamwa kwa karibu. Marko, katika sura ya 5, anasimulia habari za mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, na anawasema matabibu vikali: wamemtesa, wamekula mali yake yote, na hali yake imezidi kuwa mbaya. Luka anakisimulia kisa hicho hicho katika sura ya 8. Lawama ya mateso haipo, na kuzidi kwa ugonjwa hakupo. Kilichobaki ni kwamba hakuna aliyeweza kumponya, na hati kadhaa za kale hazina hata maneno ya mali kutumika. Huenda tabibu alikuwa akiitetea fani yake. Lakini huenda pia ni mhariri tu anayefupisha, kwa sababu Luka hufanya hivyo kwa Marko karibu kila ukurasa. Ugumu wa kuamua kati ya hayo mawili unatufundisha kuwa waangalifu: hulka ya mwandishi inaonekana wazi kuliko kazi yake.

Sentensi moja ya Kigiriki, kisha lugha ya Maandiko

Mistari minne ya kwanza ya Injili ya Luka ni sentensi moja katika Kigiriki, yenye maneno 42. Imepangwa kwa mizani. Wanatangulia wengi walioandika kabla yake, wanafuata mashahidi walioona kwa macho, anakuja mwandishi aliyechunguza yote, kisha msomaji aitwaye Theofilo, na mwishoni kabisa ndilo lengo: msomaji apate uhakika wa mambo aliyofundishwa. Katika sentensi hiyo hakuna jina la Yesu wala la Mungu. Msomaji wa Kigiriki wa karne ya kwanza angetambua papo hapo kwamba ameshika kitabu cha mtu mwenye elimu. Zamani ilifikiriwa kwamba Luka anawafuata wanahistoria wakubwa. Loveday Alexander, katika utafiti wake wa mwaka 1993, alionyesha kwamba dibaji hii inafanana zaidi na zile za vitabu vya maarifa na ufundi, vya tiba na uhandisi kwa mfano: fupi, isiyo na mapambo, inayotaja wazi chanzo cha maarifa na mtu anayeandikiwa.

Halafu unafika mstari wa 5, na ghafla umo katika ulimwengu mwingine. Kuna siku za Herode, kuhani mzee, mke tasa, Hekalu, ubani na malaika. Sentensi zimekuwa fupi, zinaungwa kwa "na" na "ikawa", na mwendo wake ni wa Septuaginta, ile tafsiri ya Kigiriki ya Maandiko ya Kiyahudi iliyoanzwa Aleksandria karne ya 3 kabla ya Kristo. Zakaria na Elisabeti wanatukumbusha Abrahamu na Sara. Wimbo wa Maria unatembea katika nyayo za wimbo wa Hana, mama yake Samweli. Wanafuata Zakaria, malaika na mzee Simeoni, kila mmoja na utenzi wake, na Makanisa yanaziimba tenzi hizo hadi leo katika sala za asubuhi na jioni.

Mtu aliyeweza kuandika ile dibaji hakuteleza kwa bahati mbaya akaingia katika Kigiriki chenye ladha ya Kiebrania. Baadhi ya wataalamu wanaona hapa chanzo cha Kiebrania au Kiaramu kilichotafsiriwa, na huenda chanzo cha namna hiyo kilikuwepo. Lakini mabadiliko ya namna hii yanarudi kwa utaratibu katika Matendo. Sura za mwanzo, zilizosimama Yerusalemu, zimejaa mwendo wa Septuaginta. Paulo anapovuka kwenda Makedonia na Ugiriki, lugha inazidi kuwa ya Wagiriki wenyewe. Ni kama Mswahili anayezungumza na wazee barazani kwa lugha ya barazani, kisha akasimama mahakamani akazungumza lugha ya mahakama. Lugha zote mbili ni zake, na anajua kila moja mahali pake.

Hapa ndipo ninapoiona tabia kuu ya Luka. Anaamini kwamba habari aliyonayo ilizaliwa katika Maandiko ya Israeli na imekusudiwa kuwafikia watu wote. Hakuishia kuitangaza imani hiyo kwa maneno. Ameijenga ndani ya lugha ya simulizi yenyewe, kiasi kwamba msomaji wa Kigiriki analazimika kwanza kukaa Hekaluni na kuzoea sauti ya Maandiko, kabla hajaletewa Athene na Rumi.

Luka na kitabu cha Marko

Luka mwenyewe anasema wako waliomtangulia. Wataalamu walio wengi wanakubaliana kwamba mmoja wao ni Marko, ambaye Luka ametumia zaidi ya nusu ya kitabu chake. Mafundisho mengine mengi anashirikiana na Mathayo. Wengi hufikiri yalitoka katika mkusanyo wa maneno ya Yesu uliopotea, ambao wanauita Q, na wengine hufikiri Luka alikisoma kitabu cha Mathayo chenyewe. Sehemu iliyobaki ni yake peke yake.

Kwa kuwa Marko tunaye, tunaweza kumtazama Luka akiwa kazini. Marko anapenda kusimulia mambo yaliyopita kwa wakati uliopo, na anafanya hivyo zaidi ya mara 100. Luka anazibadilisha karibu zote. Marko anaweka maneno ya Kiaramu ya Yesu kisha anayafasiri. Luka anayaacha. Marko anaita maji ya Galilaya bahari, na Luka, mtu aliyeijua Mediterania, anayaita ziwa. Sehemu nzima ya Marko, kuanzia 6:45 hadi 8:26, haimo kabisa kwa Luka.

Mfano mzuri kuliko yote ni wa paa. Katika Marko sura ya 2, watu wanne wanaoshindwa kumfikisha mgonjwa wao kwa Yesu wanapanda darini na kulitoboa paa kwa kuchimba. Ni paa la Palestina, la miti na matawi yaliyokandikwa udongo. Katika Luka sura ya 5 watu hao wanampitisha mgonjwa kati ya vigae. Ni paa la mji wa Kigiriki au wa Kirumi. Luka ameihamisha nyumba ili msomaji wake aione akilini bila kusimama kuuliza. Amefanya hivyo pia kwa nyumba ya mtu mwenye busara: kwa Mathayo inajengwa juu ya mwamba, na kwa Luka mjenzi anachimba kwenda chini sana na kuweka msingi. Uhariri huu unatuonyesha mwandishi anayemfikiria msomaji wa mjini kila anapoinua kalamu.

Unatuonyesha pia moyo wake. Katika bustani usiku wa kukamatwa, Marko anasimulia wanafunzi wakikutwa wamelala mara tatu. Luka anaitaja mara moja, na anatoa sababu: walilala kwa huzuni. Hakuuficha udhaifu wao. Ameutafutia tu sababu ambayo mtu aliyewahi kuomboleza ataielewa.

Watu wanaosema na nafsi zao

Katika mifano ambayo ni ya Luka peke yake, mbinu moja inajitokeza tena na tena: uzungumzi nafsia. Tajiri mpumbavu anajiuliza atayaweka wapi mavuno yake. Mwana mpotevu, akiwa na njaa kwenye malisho ya nguruwe, anaitunga hotuba atakayomwambia baba yake. Wakili dhalimu anayekaribia kufukuzwa kazi anapiga hesabu: kulima hawezi, kuomba anaona haya. Kadhi asiyemcha Mungu anakiri moyoni kwamba mjane amemchosha. Kwa mbinu hii, ambayo wasomaji wa fasihi ya Kigiriki waliizoea, Luka anatuingiza ndani ya mtu pale anapoamua. Ndiyo sababu wahusika wake hawasahauliki. Tumewasikia wakifikiri.

Anapenda pia jozi za mwanamume na mwanamke. Zakaria anapokea habari kwa malaika, na Maria anapokea. Simeoni anamtambua mtoto Hekaluni, na Ana anamtambua. Mchungaji anatafuta kondoo mmoja kati ya 100, na mwanamke anatafuta shilingi moja kati ya 10. Katika Matendo, Petro anamponya Ainea kule Lida, na kisha anamfufua Tabitha kule Yafa. Jozi hizi ni nyingi mno kuwa za bahati. Ni mpango wa mtu anayetaka kila msikilizaji, mke kwa mume, ajikute ndani ya habari.

Upande wa mali hana kificho. Pale Mathayo anaposema heri kwa maskini wa roho, Luka anasema maskini bila nyongeza, na anawawekea matajiri ole. Ni vema kukumbuka kwamba kitabu chenye ukali huo kimeandikwa kwa Theofilo, ambaye Luka anamwita kwa cheo cha heshima, kilekile ambacho maliwali Feliki na Festo wanaitwa katika Matendo. Luka alikuwa na ujasiri wa kumweleza mtu mkubwa habari ya Lazaro aliyekufa mlangoni kwa mtu mkubwa.

Hotuba, barua na vyeo

Karibu theluthi moja ya Matendo ni hotuba. Waandishi wa historia wa Kigiriki walikuwa na desturi hiyo: Thucydides, karne ya 5 kabla ya Kristo, alikiri kwamba hotuba alizoziandika zililenga kile kilichopasa kusemwa katika kila tukio. Luka anaifuata desturi hiyo kwa umahiri wa kipekee. Petro siku ya Pentekoste anahubiri kwa nabii Yoeli na Zaburi. Paulo akisimama Areopago mjini Athene hamtaji nabii hata mmoja, bali anawaendea wasikilizaji wake kwa madhabahu yao na washairi wao. Tertulo, wakili wa mashtaka mbele ya Feliki, anaanza kwa sifa nyingi za liwali, jinsi mawakili wa Kirumi walivyozoea. Karani wa mji wa Efeso anautuliza umati kwa hoja kavu za kisheria.

Barua ya jemadari Klaudio Lisia katika sura ya 23 inastahili kusomwa polepole. Lisia anamwandikia liwali kwamba alimwokoa Paulo mikononi mwa umati kwa sababu alikuwa amesikia kwamba ni Mrumi. Msomaji aliyepitia sura za 21 na 22 anajua sivyo ilivyokuwa. Lisia alimfunga Paulo minyororo, akaagiza apigwe mijeledi, na habari za uraia wake alizipata Paulo alipokuwa ameshafungwa kamba tayari kwa kipigo. Luka hasemi neno. Anaiweka barua ilivyo, na kumwachia msomaji kuona jinsi ofisa anavyoirekebisha ripoti yake mbele ya mkubwa wake. Huyo ni mwandishi anayeijua serikali na anamwamini msomaji.

Anaijua serikali kweli. Vyeo vya watawala vilitofautiana mji hadi mji, na Luka anavipata. Kipro na Akaya zina liwali wa daraja linalostahili majimbo hayo, na Malta ina mkubwa wake wa kisiwa. Wakuu wa mji wa Thesalonike anawaita kwa cheo ambacho hakikuwa kimeonekana katika fasihi ya Kigiriki, hadi maandishi ya mawe ya Makedonia yalipokidhihirisha. Jiwe moja la namna hiyo, lililotoka katika lango la kale la mji huo, liko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Maandishi mengine ya Delfi, Ugiriki, yamemweka Galio, liwali wa Akaya aliyekataa kusikiliza mashtaka dhidi ya Paulo, karibu na miaka 51 na 52. Tarehe hiyo ndiyo nguzo ambayo kalenda yote ya maisha ya Paulo inaitegemea.

"Sisi" na dhoruba

Katika Matendo sura ya 16, pale Troa, msimulizi aliyekuwa akisema "wao" anaanza kusema "sisi". Hajitambulishi. Anavuka pamoja na Paulo hadi Filipi, na hapo "sisi" inakoma. Miaka inapita. Katika sura ya 20 Paulo anapita tena Filipi, na "sisi" inarudi papo hapo, inaandamana naye hadi Yerusalemu, na baadaye inasafiri naye kwa bahari hadi Rumi.

Maelezo matatu yametolewa: mwandishi alikuwepo, au alitumia shajara ya mtu aliyekuwepo, au alifuata desturi ya kusimulia safari za baharini kwa nafsi ya kwanza wingi. Maelezo ya tatu hayanishawishi, kwa kuwa zipo safari za baharini katika kitabu hicho hicho zisizo na "sisi", na zipo sehemu za "sisi" zilizoko nchi kavu. Kukoma na kuanza tena Filipi kunaelezeka kwa urahisi zaidi ikiwa mtu mmoja alibaki Filipi na baadaye akaondoka Filipi.

Sura ya 27 inaipa hoja hiyo uzito. Wasomaji wa pwani, waliolelewa na manahodha na mabaharia, wataielewa kuliko wengi. Merikebu ya nafaka ya Aleksandria, yenye watu 276, inatoka Krete msimu ukiwa umekwisha pita. Upepo wa dhoruba unaikamata. Mashua inapandishwa kwa taabu, chombo kinafungwa kamba kwa chini, shehena inatupwa. Usiku wa 14 mabaharia wanahisi nchi kavu iko karibu. Wanapima maji kwa bildi, wanapata pima 20. Wanasogea kidogo, wanapata 15. Wanatupa nanga 4 za tezi na kuomba kuche. James Smith, Mskoti mpenda bahari, aliifuatilia safari hii kwa pepo, kina na mwendo wa vyombo, na mwaka 1848 alichapisha matokeo yake: mambo yanalingana na bahari ile. Kuna jambo jingine katika masimulizi haya. Msimulizi anaeleza kila kazi ya mabaharia, lakini anaieleza kama abiria makini, si kama baharia.

Palipo na ugumu

Kumheshimu Luka si kufumba macho. Anaiweka sensa ya Kirenio, liwali wa Shamu, wakati wa kuzaliwa Yesu na kuihusisha na zama za Herode. Kwa mwanahistoria Josephus, sensa hiyo ilifanyika mwaka wa 6 baada ya Kristo, na Herode alifariki mwaka wa 4 kabla ya Kristo. Juhudi nyingi zimefanywa kuziba pengo hilo la miaka kama 10, na hakuna iliyokubaliwa na wote. Hotuba ya Gamalieli katika Matendo nayo inamtaja Theuda, kiongozi wa uasi, kabla ya mwasi mwingine, Yuda Mgalilaya, wakati Theuda anayejulikana kwa Josephus aliinuka miaka kadhaa baada ya hotuba hiyo.

Ugumu mkubwa zaidi ni Paulo. Paulo wa Matendo ni mpole kwa Sheria, anamtahiri Timotheo, na haandiki barua hata moja. Paulo wa Wagalatia anajivunia kwamba Tito hakulazimishwa kutahiriwa, na anasimulia ugomvi wake na Petro, ambao Luka hakuugusa. Mwaka 1950 Philipp Vielhauer alitumia tofauti hizi kudai kwamba mwandishi wa Matendo hakuwa mwenzake Paulo. Hoja hiyo ni nzito, lakini inadhania kwamba rafiki lazima amweleze rafiki yake kama yeye anavyojieleza. Paulo aliandika katikati ya ugomvi. Luka aliandika baadaye, akitaka kuonyesha mwendo mmoja kutoka Israeli hadi mataifa, na mwandishi mwenye nia hiyo huchagua. Tumeshaona jinsi alivyomhariri Marko. Hatuna sababu ya kutegemea kwamba hakumhariri Paulo.

Namna ya kumsoma

Basi Luka ni nani? Vitabu vyake vinajibu hivi. Ni mtu wa mijini, mwenye elimu nzuri ya Kigiriki, aliyezama katika Septuaginta hadi akaweza kuandika kwa sauti yake. Anazijua ofisi na vyeo vya dola. Amesafiri baharini. Anawaona wajane, wenye deni, watoza ushuru na wagonjwa, na anajua kuwaeleza habari zao wenye nafasi mezani. Mapokeo yanayomwita Luka, mwenzake Paulo, yanakaa vizuri juu ya picha hii, ingawa picha yenyewe inasimama hata bila jina.

Jambo moja linafuata kwa yeyote anayehubiri, anayefundisha katekesi au anayesoma Biblia nyumbani. Luka aliandika kitabu kimoja chenye sehemu mbili, nasi tumezoea kukisoma vipande vipande, tena vikiwa vimechanganywa na vya Mathayo na Yohane. Injili yake inaanza na kuisha Hekaluni. Matendo inaanza Yerusalemu na kuisha Rumi, Paulo akiwa katika nyumba aliyoipanga, akipokea kila anayekuja. Msamaha wa Stefano kwa wauaji wake hausikiki vizuri bila kifo cha Yesu katika sura ya 23 ya Injili. Chakula cha Petro kwa Kornelio hakieleweki bila meza zote ambazo Yesu alikaa na wenye dhambi. Anayetaka kumwelewa Luka na avisome vitabu vyote viwili mfululizo, kwa siku chache, sura hadi sura, bila kumkatiza. Ni hivyo Luka alivyomtaka Theofilo asome, kwa kuwa alimwahidi uhakika, na uhakika huo aliuweka katika mpangilio wa habari nzima, si katika mstari mmoja mmoja.